Nusu ya Damu Hii Ni Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mgongo wangu unanyooka wenyewe, ingawa ni mgongo wa kikongwe uliobeba mabeseni ya ndakala, dagaa wa ziwa letu, miaka na miaka. Ni siku Papa yangu aliposimama mbele ya ukoo mzima, hapa hapa Kalemie, akasema neno ambalo wanaume wachache wana kifua cha kulisema. Keti nikusimulie, na usiniharakishe. Maneno ya wazee ni kama sombe ya majani ya muhogo: yasipokaa motoni vya kutosha yanauma tumbo.

Papa yangu aliitwa Anselmi. Alikuwa fundi wa treni, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na kati ya meno yake ya mbele palikuwa na mwanya ambao mimi pia ninao, kama unavyouona. Mama yangu, Maria, alitoka Moba, akauza ndakala sokoni mpaka uzee wake. Mimi, Feza, ndiye mzaliwa wao wa kwanza. Wakafuata wadogo zangu wawili, wazima kabisa, kisha akaja Kiyombo.

Kiyombo alizaliwa mnene, mzuri, na sauti ya kupasua bati. Lakini alipoanza kutambaa vidole vyake vilivimba kama vya mtu aliyeumwa na nyuki, na macho yake yakaingia umanjano. Akaendelea kukua hivyo hivyo. Kila kiangazi, upepo wa ziwa ulipoanza kuwa baridi, mifupa yake ilimuuma mpaka akawa anang'ata shuka. Tulimkanda maji ya moto, tukamsugulia mafuta ya mawese, tukasali rozari. Na huku sisi tukisali, watu walimtazama Mama.

Unajua desturi ya kwetu, mwanangu. Mtoto akiugua ugonjwa usioeleweka, hatuulizi ni nini. Tunauliza ni nani. Na ukiuliza ni nani, hukosi jibu, kwa sababu jirani wa kulaumiwa hakosekani.

Basi Shangazi Berta, dada mkubwa wa Papa, akapanda treni kutoka Nyunzu akiwa amekwisha kukata shauri. Usimhukumu haraka. Wazazi wao walikufa mapema, na ni yeye aliyemlea Papa. Alimpenda kama mwanawe wa tumboni. Alipofika akawaita baba zangu wadogo wote na wake zao, wakajaa uani kwetu, viti vikapungua, wengine wakakaa juu ya vinu vilivyogeuzwa. Mama aliketi mkekani, amempakata Kiyombo, macho yake chini.

"Anselmi," Shangazi akaanza, "miye sikukulea ili uzike watoto. Kwetu ugonjwa huu hauko. Muke huyu njo ameuleta. Damu yao kule Moba ni mbaya, ao kuna mutu wa kwao anayemukula mutoto. Arudie kwao, nasi tutamutafutia mutoto dawa."

Baba zangu wadogo wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimesimama mlangoni na sufuria mkononi. Nilimtazama Papa. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Kitu ambacho wote pale hawakukijua ni kwamba wiki ile ile Papa na Mama walikuwa wametoka hospitali. Daktari aliyekuwa zamu, kijana wa Kongolo, alimtoboa Kiyombo kidole, halafu akafanya jambo la ajabu: akaomba na kidole cha Mama, kisha na kidole cha Papa. Tone la kila mmoja akaliweka juu ya kioo chake, akakifunika, akasubiri, akachungulia kwenye mikroskopi. Mwisho akamwita Papa aje aone kwa jicho lake mwenyewe. Papa akaona chembe za damu ya mtoto zimepinda kama mundu wa kukatia mpunga. Ndiyo maana zinakwama njiani, daktari akamwambia, na mahali zinapokwama ndipo panapouma. Kisha akamwekea kioo kingine, nacho kilikuwa na zilizopinda.

"Hii ni ya mama yake?" Papa akauliza.

"Hapana, Papa Anselmi. Ya mama yake ni ile ingine, nayo iko vile vile. Hii njo ya kwako."

Sasa rudi nami uani. Papa akasimama. Hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha sauti hata kwa treni iliyokataa kuwaka.

"Yaya Berta," akamwambia dada yake, "kama Maria anaenda kwao, basi munitafutie na miye kwetu kwingine, maana nusu ya damu hii ni yangu. Nimeiona kwa macho. Kila mutu ana mbegu mbili za damu, moja ya baba yake, moja ya mama yake. Anapozaa, anatoa moja tu, na hachague. Miye nina moja nzuri na moja ya kupinda. Maria vile vile. Nilimupa Kiyombo ile ya kupinda, Maria naye akamupa ya kupinda. Zikakutana mbili. Njo ugonjwa. Hakuna muchawi hapa. Kuko baba na mama."

Baba mdogo mmoja akacheka kidogo kwa aibu. "Mwanaume anasema vile mbele ya watu?"

"Mwanaume njo anasema," Papa akamjibu. "Na sikieni ingine. Daktari ameniambia, mutu mwenye moja tu ya kupinda, kama miye, malaria haimuue kwa urahisi akiwa mutoto. Hapa kwetu kando ya ziwa, mbu wako tangu wazee wa wazee. Wale wenye nusu hii njo walipona, wakazaa, tukafika sisi. Kwa hiyo musiite damu yetu mbaya. Imepigana."

Nakwambia nilishika ile sufuria kama mtu aliyeshika bendera. Nilikuwa nimesikia maneno mengi juu ya ukoo wetu, nani alikuwa mwindaji, nani alijenga kanisa, lakini hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ndani ya mishipa yangu kuna kitu kilichopigana hata nikazaliwa. Na wa kuniambia akawa fundi wa treni, mwenye jasho la aibu usoni na bado amesimama wima.

Nilidhani Shangazi atakasirika. Hakukasirika. Alikaa kama mtu aliyesahau mahali alipo, kisha akamwita Papa kwa sauti nyembamba ambayo sikuijua.

"Anselmi. Watoto wangu wa Kongolo. Macho yao yalikuwa manjano."

"Nakumbuka, Yaya."

"Vidole vyao vilikuwa vinavimba."

"Ndiyo, Yaya."

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo wakubwa walikuwa wametuficha. Kabla ya kuhamia Nyunzu, Shangazi aliolewa Kongolo, akazaa watoto watatu, wakafa mmoja baada ya mwingine wakiwa bado wanabebwa mgongoni. Ukoo wa mume wake ukamwita mchawi anayekula wanawe, ukamfukuza na nguo alizovaa. Miaka yote ile alibeba jina hilo peke yake, na nadhani hata yeye alikuwa ameanza kuliamini. Mtu aliyeunguzwa na moto wa watu akauleta kwetu ili usimrudie.

"Waliniambia miye njo niliwakula," akasema.

"Hukuwakula," Papa akajibu. "Ulikuwa muzazi. Na baba yao alitoa nusu yake, hakujua."

Shangazi akatoka kitini, akashuka mkekani karibu na Mama. Mwanamke yule mkubwa, aliyekuwa akiingia nyumbani watu wote wanasimama, akakaa chini, akaomba apewe mtoto. Mama akampa. Shangazi akashika vile vidole vya Kiyombo kimoja kimoja, akalia kilio cha watoto watatu ambao hakuwahi kuruhusiwa kuwalilia vizuri. "Maria, unisamehe," akasema. Na Mama akamjibu wifi yake, "Mulamu, kwanza ukule. Umetoka mbali."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ile nilijifunza kwamba anayeyafichua, wakati mwingine, humfufua na mtu ambaye hakujua kama ni mgonjwa.

Tangu hapo Kiyombo akawa mtoto wa wote. Mkono mmoja haulei mwana. Daktari alitueleza: anywe maji mengi, asipigwe na baridi, alale ndani ya neti, homa ikianza apelekwe hospitali asicheleweshwe. Shangazi alimfumia sweta nzito, na kila safari ya treni alileta nyingine, mpaka Kiyombo akawa anatoka shuleni amevaa mbili, moja juu ya nyingine, anatuambia yeye ni kitunguu. Yalikuwepo majuma mabaya, sikudanganyi. Yapo majuma Papa alimbeba mgongoni mpaka hospitali akaongezewa damu. Watu walisema hatafika komunyo ya kwanza. Akafika. Wakasema hatafika kipaimara. Akafika, na akasoma somo la pili kanisani kwa sauti ile ile ya kupasua bati.

Nami nikakua, akaja Mulenga.

Mulenga alikuwa kijana wa Moba aliyefanya kazi kule Kabimba, penye kiwanda cha simenti. Jumapili alikuja kwetu na vumbi jeupe bado kwenye nyusi, na alijua kumchekesha Mama. Nilimpenda, mwanangu, siwezi kukueleza zaidi ya hapo, mimi ni mtu mzima. Wazee wake wakaja kuposa. Na nani akafika kutoka Nyunzu siku ile, bila kuitwa? Shangazi Berta. Akakaa mbele, akawaacha wamalize salamu zote, kisha akasema, "Mbele ya mahari, damu. Feza apimwe, na kijana apimwe."

Baba mkubwa wa Mulenga akavua kofia. "Mama, sisi hatuna ugonjwa katika nyumba yetu. Kijana wetu ni muzima."

"Miye pia nilikuwa muzima," Shangazi akamjibu. "Muzima kama jiwe. Na nilizika watatu. Muzee, mwenye nusu haugue. Anaonekana nusu mbili zinapokutana, na siku ile anayelipa ni mutoto. Usikasirike. Ningekuwa na mutu wa kunigombeza hivi nikiwa musichana, leo ningekuwa na wajukuu wa kunichotea maji."

Wakakubali. Lakini kabla ya kwenda hospitali nilipata mtihani mwingine, tena ndani ya nyumba yetu. Kiyombo, wakati huo kijana wa sekondari, mrefu na mwembamba kama mwanzi, alinikuta ninapepeta mchele.

"Yaya," akasema, "ukikataa Mulenga juu ya damu, si unasema mutu kama miye hakupashwa kuzaliwa?"

Ungo ukanitulia mkononi. Huyu ni mtu niliyemfundisha kutembea. Nikamwambia ukweli: "Sijui, Kiyombo. Wewe sema."

Akakaa juu ya kizingiti, akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri. Siku nyingi za kitandani zilimfundisha. "Sikia vizuri," akasema. "Miye napenda maisha yangu. Napenda masomo, napenda ziwa, napenda hata ugali wa Mama ulioungua. Sitamupa mutu ruhusa ya kunihurumia. Lakini ile siku mifupa inaanza, siwezi kuitakia hata adui. Kama kuko njia mutoto wako asiijue, uifuate. Hiyo hainipunguze. Weye unakataa ugonjwa, haunikatae miye." Kisha akachota mchele mbichi kidogo, akautafuna, akaenda zake. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, mwanangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango ambao ningeona haya kuupita.

Tukapima. Mimi, nusu, kama Papa. Mulenga, nusu.

Tulikaa kwenye benchi nje ya hospitali, na mbele yetu ziwa limetandaa bila habari na sisi. Mulenga akasema tuoane tu, Mungu anajua. Nikamwambia Mungu ndiye aliyetupa na macho ya kuona ndani ya damu. Daktari alikuwa ametueleza wazi: kila mimba, nafasi moja kati ya nne mtoto awe kama Kiyombo. Sio kwamba mmoja akiugua basi watatu wanaofuata wako salama, hapana. Kila mimba inaanza upya hesabu yake. Mulenga alimfahamu Kiyombo, aliwahi kumsaidia Papa kumbeba.

"Miye ni mutu wa kubeba mawe," akasema mwishoni. "Lakini kumusikia mutoto wangu analia vile, na kujua nilijua... hapana."

Tulilia wote wawili, kisha akanisindikiza mpaka nyumbani, akamsalimu Mama, akachekesha kidogo kama kawaida. Kuna watu wanaachana kwa matusi na kuna wanaoachana kwa heshima. Sisi tuliachana tukiwa hatujakosana, na kuachana kwa namna ile kunauma zaidi, ila hakuozi. Wengine wanaopima na kukuta kama sisi wanaamua kuoana, wakijua, wakijiandaa. Siwahukumu. Ninachosema ni kwamba sisi tuliamua macho yakiwa wazi, hakuna aliyetuamulia gizani.

Baadaye niliolewa na Leoni, fundi mwashi, mwenye damu isiyo na mpindo hata mmoja na moyo mpole. Tulipata watoto watano. Baadhi wana nusu kama mimi, na kila mmoja anaijua damu yake kama anavyojua jina lake la ubatizo. Mulenga naye alioa, akapima kwanza. Mke wake huniita dada, na mjukuu wao mmoja nimemsimamia ubatizo.

Na Kiyombo? Yule ambaye hangefika kipaimara? Amekuwa mwalimu wa biolojia, mwanangu, na kichwa chake leo ni cheupe kama pamba. Amewafundisha vijana wa Kalemie hii jinsi mwanya wa Papa ulivyorukia kinywani mwangu, kwa nini mtoto anakuja na pua ya bibi ambaye hakumwona, na jinsi kitu kimoja kilichowalinda wazee wasife kwa malaria kinaweza, kikikutana na mwenzake, kumtesa mtoto. Dawa za leo zimemsaidia kuliko sweta. Bado anapata siku mbaya. Siku hizo wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa ni wauguzi, wanakuja nyumbani wenyewe. Juzi walimfanyia sherehe alipoacha kazi. Walipomwomba aseme neno, aliwauliza wale waliokuja na wachumba, "Mumepima?" Ukumbi mzima ukacheka, lakini niliona wawili waliokaa nyuma wanatazamana, na hawakucheka. Nikajua wataenda.

Shangazi Berta hakuiona siku hiyo. Tulimzika Nyunzu zamani. Lakini kaburini alifuatwa na wanawake wengi ambao sikuwajua, waliokuwa wamefukuzwa au karibu kufukuzwa, na yeye akaenda kwenye mikutano ya koo zao, akasimama, akasema aliyofundishwa na mdogo wake. Hakufa na jina lile la Kongolo. Alikufa akiitwa Mama.

Basi shauri langu ni hili, mwanangu, ulichukue. Kabla moyo wako haujaenda mbali, ijue damu yako, na umwombe mwenzako aijue yake. Kuuliza si kutukana. Ukipata jibu usilotaka, usilifunike kwa pazia la mapenzi. Kaeni, ongeeni na anayejua, halafu muamue mkiwa mmoja. Ukizaa mtoto mgonjwa, usimtafute mchawi, na usimwache mama yake abebe peke yake kile mlichotoa wawili. Mpeleke hospitali mapema, mkinge na baridi, mpe maji, mpeleke shule kama wenzake. Usimwonee haya, maana hujui ni darasa gani linamngoja. Na ukiwa mwanaume, usiogope kusema iliyo yako ni yako. Kwa kusema hivyo Papa yangu hakupungua hata kidogo.

Mungu aliyekufuma kwa nyuzi za watu wawili akulinde kwa pande zote mbili. Aipe mifupa yako amani, na nyumba yako vicheko vya watoto. Uzae na ulee, na wale watakaotoka kwako, popote watakapofika, walitaje jina lako wameinua uso.